Faulo ya Tatu

Kanuni zilikuwa ishirini na mbili, zimepigwa taipu kwenye karatasi nne na kubandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, na kila aliyeingia katika ghala lile la Igogo, Mwanza, kucheza puli alitakiwa azisome kabla ya kushika fimbo. Wengi hawakuzisoma. Walizitupia jicho kama mtu anavyotupia jicho picha ya harusi ya jirani, wakapita. Lakini wote walijua zimetoka mkononi mwa nani, na walijua kwamba mwenye mkono huo hakuwa mtu wa masihara.

Alikuwa mzee Ndalahwa wa Kisesa. Umri wake ulikuwa hamsini na sita tu, ila mzee alianza kuitwa akiwa na thelathini kwa sababu ya uso wake. Miaka ishirini na mitatu alikuwa mpanga madaraja katika kiwanda cha kuchambua pamba. Gunia linamwagwa mbele yake, anachota kwa vidole, anavuta nyuzi, anatamka: safi, au fifi. Neno la tatu hakuwa nalo. Hakuna siku aliyopitisha fifi kwa jina la safi, hata pale mjomba wake mwenyewe alipoleta mzigo ulioloana umande na kujaa mchanga. Mjomba alinuna mwaka mzima, na Ndalahwa akamwacha anune.

Kisha likaja soko huria. Wakaja wanunuzi wapya na malori yao na mizani zao, wakanunua safi na fifi katika gunia moja bila kuuliza, na kiwanda kikaona mpanga madaraja hana kazi tena. Alikuwa katika kundi la kwanza la kupunguzwa. Alirudi Kisesa na barua ya shukrani na baiskeli. Tuseme ukweli, kazi yenyewe hakuililia sana. Kilichomuuma ni kuiona pamba nyeupe inachanganywa na ya manjano mchana kweupe, na watu wanacheka, na hakuna anayeona aibu.

Puli aliikuta kwa bahati. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Luhaga alikuwa amelikodi ghala tupu la pamba pale Igogo akaingiza meza tano zilizokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na Ndalahwa alikwenda siku moja kuona ghala la zamani limegeuzwa nini. Akakuta vijana wanapiga kelele, kila mmoja na sheria yake. Huyu anasema ukigusa mpira kwa mkono wa shati si faulo, yule anasema ni faulo kama ni shati la mikono mirefu. Mzee alisimama saa mbili nzima akiwaangalia, damu inamchemka. Siku ya pili alirudi na kuomba fimbo.

Mchezo waliocheza ni ule wa mipira tisa, na kuueleza si kazi. Kuna mipira tisa yenye namba na mmoja mweupe wa kupigia. Kila unapopiga, mweupe lazima uanze kugusa mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Ukishindwa ni faulo, na mwenzako anauchukua mweupe kwa mkono na kuuweka popote anapopenda. Anayetumbukiza namba tisa kwa halali amechukua gemu. Na mtu akifanya faulo tatu mfululizo, gemu limemtoka hapo hapo, hata kama mezani kumejaa mipira.

Hayo yote mzee aliyapata kwenye kijitabu cha Kiingereza kilichokuja ndani ya kreti moja la meza. Alikitafsiri miezi minne, na kamusi pembeni, na aliyempigia taipu ni Paskazia, mwanamke aliyekuwa katibu muhtasi wa kiwanda kile kile na kupunguzwa naye siku ile ile. Kwa kuwa alizipiga taipu kanuni zote mara tatu, Paskazia alizijua kuliko wachezaji, na Luhaga akamfanya refa. Alikuwa refa mzuri. Hakuwa na haraka, na sauti yake ilifika hadi mlangoni.

Kanuni ya kumi na nne ndiyo iliyowapa shida. Kijitabu kilisema mchezaji mwenye faulo mbili mfululizo aambiwe na mpinzani wake kabla hajapiga tena, asije akapoteza gemu bila kujua. Asipoambiwa, faulo ya tatu itahesabiwa kama faulo ya kawaida tu. Mzee aliona hiyo haitoshi. Alikwisha kushuhudia jamaa mmoja wa ng'ambo ya Busisi akiapa kwa majina ya marehemu wake wote kwamba hakuambiwa kitu, na ghala zima lilimsikia akiambiwa. Kwa hiyo akaongeza maneno yake mwenyewe: aliyeonywa ataitikia "Nimesikia", na onyo lisiloitikiwa halitahesabiwa.

Paskazia aliinua vidole kwenye mashine. "Na mtu akikataa tu kuitikia, mzee?"

"Mtu mzima akatae kuitikia? Kwa sababu gani? Wewe piga taipu."

Paskazia alimtazama kidogo, kwa namna ya mtu anayejua habari za watu, kisha akapiga taipu.

Maana habari zenyewe hazikuwa siri. Mzee Ndalahwa alikuwa na binti mmoja, Wilhelmina, ambaye Agosti ya mwaka tisini na nne alitakiwa kwenda chuo cha ualimu, akaenda Igogo badala yake, kwa Odoyo. Huyo Odoyo alikuwa kijana wa Kijaluo wa huko Shirati, aliyekuja Mwanza kutafuta kazi na kuipata katika kiwanda cha minofu ya sangara. Hakuleta mshenga, hakuleta barua. Wazee wake walikuja baadaye, watu wazima wanne wenye makoti, wamepanda basi kutoka Mara usiku kucha kuja kuomba radhi. Ndalahwa aliwaacha wakae uani mpaka jua likageuka. Wakaondoka.

Tangu hapo Odoyo alikuja mwenyewe. Kila Jumapili ambayo hakuwa zamu kiwandani alishuka Kisesa, akasimama nje ya ua, akavua kofia na kusema, "Sikamoo, baba," maana ulimi wa kwao ule mshindo wa "sh" hauutaki. Akangoja. Mzee alikuwa pale pale barazani, hatua kumi na tano kutoka kwenye ua, anatengeneza baiskeli au anasoma gazeti la juzi. Hakuitikia. Hakuinua hata uso. Odoyo akishangoja kiasi cha kutosha alisema, "Basi, baba, tutaonana," na kurudi barabarani. Mama yake Wilhelmina aliapa kwamba alihesabu Jumapili arobaini hivi, kisha akaacha kuhesabu kwa sababu ilimfanya alie.

Mtoto alizaliwa, na mzee akapewa habari. Mtoto akatembea, na hiyo nayo akaambiwa. Mzee alijibu, "Vizuri," akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Sasa usidhani mzee alikuwa na roho mbaya. Alimpenda binti yule kupita kiasi, na hilo ndilo lililomharibu. Alikuwa amekwisha kumpanga Odoyo daraja siku ya kwanza, na katika maisha yake hakuwahi kurudi kwenye gunia alilokwisha kulitamkia. Mwaka wa kwanza alinyamaza kwa hasira. Mwaka wa pili hasira ilikuwa imepungua, na akanyamaza kwa mazoea. Wa tatu alinyamaza kwa sababu hakujua mtu anaanzaje kuitikia salamu ya mwaka wa tatu, na hilo lilimtia woga ambao hakumwambia mtu yeyote.

Julai ya mwaka tisini na saba Luhaga akatangaza mashindano ya mkoa. Wachezaji thelathini na wawili, Jumamosi mbili, na bingwa angepelekwa Arusha kwenye mashindano ya taifa wiki inayofuata. Mzee Ndalahwa aliitaka Arusha kwa moyo wake wote. Alitaka asimame huko mbele ya watu wa kila mkoa na kuonyesha kwamba bado kuna mahali mtu anaweza kushinda kwa kufuata sheria. Aliwapiga vijana mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kusema neno. Na upande wa pili wa ubao wa majina kulikuwa na kijana mwingine anayepanda taratibu bila kusema neno, na Jumamosi ya pili, saa nane mchana, waliobaki wakawa wawili.

Ghala lilijaa. Watu walikuja kwa ajili ya puli, lakini wengine, tusidanganyane, walikuja kuona mkwe na mkwe watafanyaje. Kwa mila zao wote wawili, mtu na mkwewe hawakai benchi moja, hawali sinia moja wakigusana mikono. Hapa walitakiwa kuzunguka meza moja kwa saa mbili. Wilhelmina alikuwa benchi la nyuma, mtoto amemlalia begani. Mzee alimwona alipoingia tu na hakugeuza tena shingo upande ule.

Kanuni ya pili iliagiza wachezaji washikane mikono. Odoyo aliinamisha kichwa, akatoa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. "Sikamoo, baba."

Mzee akaushika mkono, akauachia. Kanuni ilitaja mikono tu, haikutaja maneno. Alikuwa amekwisha kuisoma tena asubuhi ili apate uhakika.

Walicheza mpaka mmoja afikishe gemu saba. Kijana alikuwa hodari, na mzee, ambaye hakuwahi kumwona akicheza kwa karibu, aliliona hilo tangu gemu la kwanza na likamsumbua. Si nguvu, nguvu kila mtu anayo. Alikuwa na adabu ya mezani. Mzee anapopiga, Odoyo alikaa kwenye kiti chake miguu pamoja na fimbo wima, hakusugua chaki, hakukohoa, hakusimama mbele ya shimo ambalo mpira ulikuwa unakwenda. Katika gemu la nne kifungo cha shati lake kiligusa mpira namba sita, ukatikisika kiasi ambacho hata Paskazia hakukiona. Odoyo alinyanyuka mwenyewe. "Faulo yangu, refa," akasema, akarudi kukaa. Mzee alilichukua gemu lile, na moyoni akasema neno moja, safi, kisha akajikasirikia kwa kulisema.

Wakafika sita kwa sita.

Gemu la mwisho lilianza vibaya kwa mzee. Baada ya rundo la mipira kuvunjwa, mitatu iligandana kwenye ukingo wa mbali na namba moja ikajificha nyuma yake. Odoyo alicheza kwa kujilinda, akamwachia mweupe mahali ambapo njia haikuonekana. Mzee alipiga kwa kugongesha ukingo na hakuifikia namba moja. Faulo. Odoyo akauweka mweupe, akajaribu kuitoa namba moja, haikutumbukia, na mweupe ukarudi kujificha. Mzee akapiga tena, safari hii ukingo wa kushoto. Mweupe ukapita karibu mno, upana wa ukucha, watu wakavuta pumzi. Haukugusa.

"Faulo," alisema Paskazia.

Hapo ndipo Odoyo alipaswa kusema. Mzee alikwenda kukaa kwenye kiti chake na kumngoja, na ghafla akaelewa kijana yule yuko kwenye shida gani. Kanuni ilimtaka amwambie kwa sauti, mbele ya watu mia moja na zaidi, baba mkwe ambaye yeye mwenyewe alimkosea, kwamba amefanya faulo mbili na ajihadhari. Mkwe hamwonyi mkwe. Hata mtu akikuta nyoka miguuni pa mkwewe anatafuta mtu mwingine wa kumwambia.

Odoyo hakupiga mara moja. Aliweka fimbo ukingoni mwa meza, akatembea mpaka kwenye kiti cha mzee, akainama kama mtu anayempa mkubwa maji ya kunawa, macho sakafuni, na kusema kwa sauti ya chini kiasi kwamba hata aliyekaa kiti cha pili asingesikia.

"Baba, samahani. Una faulo mbili."

Akangoja. Mzee aliyajua mangojeo yale, maana aliyazoea. Aliyasikia maneno yote, pamoja na lile la samahani ambalo hakuna kanuni iliyolitaka. Kilichotakiwa kwake ni neno moja tu, la kuitikia, na lilikuwa limeshafika kooni. Lakini miaka mitatu kasoro mwezi ilikuwa imekaa kwenye koo lile. Akatazama meza. Odoyo alipoona imekuwa ya siku zote, alinyanyuka, akarudi kuchukua fimbo.

Alipiga, akaigusa namba moja, lakini haikutumbukia. Zamu ya mzee ikafika. Namba moja sasa ilionekana nusu yake. Mzee aliinama, akalenga, akapiga. Mweupe uliigusa namba nne kwanza.

"Faulo," alisema Paskazia, na sauti yake safari hii haikufika mlangoni. Faulo tatu mfululizo. Kelele ikapanda, wengine wakisema imekwisha, wengine wakisema hakuna onyo lililosikika. Paskazia aliinua mkono mpaka pakatulia. Kisha akamgeukia Odoyo, kama inavyotakiwa.

"Mchezaji. Baada ya faulo ya pili ulimwonya mpinzani wako?"

Odoyo alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Watu wote walikuwa wamemwona akienda kwenye kile kiti na kuinama. Walichokuwa hawajui ni alisema nini. Angesema ndiyo, ingekuwa ni neno lake dhidi ya mzee mwenye kanuni, na mzee angeulizwa mbele ya binti yake, mbele ya mjukuu, mbele ya Igogo nzima, na ama angejiumbua ama angedanganya. Odoyo alimtazama refa, hakumtazama mzee.

"Hapana, refa. Nilikwenda kumsalimu tu."

"Hukumwonya?"

"Sikumwonya."

Paskazia alisita, kisha akaandika kwenye fomu. "Hakuna onyo. Itahesabiwa faulo ya kawaida. Gemu linaendelea, mpira mkononi kwa Odoyo."

Mzee Ndalahwa alirudi kwenye kiti na Arusha yake ikiwa hai. Na kisheria, hebu tazama, alikuwa sawa kabisa. Onyo lisiloitikiwa halihesabiwi, yeye hakuitikia, basi onyo halikuwepo. Kanuni yake mwenyewe ilimlinda. Alikaa pale akiigeuza kichwani, na kila alivyoigeuza ikazidi kumchukiza. Aliiandika ili mtu asiweze kukana alichoambiwa, na sasa ilimpa yeye ruhusa ya kukifuta alichoambiwa kwa kufumba mdomo tu. Mtu asimame mbele yako, aseme kwa adabu, angoje, na wewe kwa kunyamaza kwako umfanye awe hakusema kitu. Si jambo geni. Amelifanya barazani kwake Jumapili baada ya Jumapili, na akaliita msimamo.

Na kijana amedanganya kwa ajili yake. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu aliyekiri faulo ya kifungo cha shati ambayo hakuna jicho lililoiona, amesimama mbele ya refa akatamka uongo ili kumsitiri mzee anayejifanya hamsikii. Nani sasa wa kuwekwa kwenye gunia gani?

Odoyo alikuwa ameshauchukua mweupe. Alikuwa na uhuru wa kuuweka popote, na popote palikuwa pazuri, maana namba moja ilikuwa imeshatoka mafichoni na shimo la kati lilikuwa linaiita. Hata anayeanza kucheza leo angeliona. Odoyo aliuweka pembeni kabisa, umegandamana na ukingo, nyuma ya namba saba. Mzee alitazama mkono ule ukiuachia mpira, akaelewa kwamba kijana hana nia ya kushinda. Anampa mkwewe Arusha. Anampa kwa unyenyekevu ule ule waliokuja nao wale wazee wanne wenye makoti, na atarudi kwake kimya kimya kama walivyorudi.

Mzee aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

"Subiri," alisema.

Odoyo aliinua kichwa. Ghala zima liliinua kichwa.

"Refa, nina pingamizi. Mpira bado haujapigwa, kwa hiyo linapokewa."

"Linapokewa," alisema Paskazia. "Unampinga nani, mzee?"

"Kijana alinionya." Mzee alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa kavu. "Alikuja pale kwenye kiti akasema, baba, samahani, una faulo mbili. Nilisikia neno kwa neno. Yeye alisema. Mimi ndiye sikuitikia."

Paskazia aliinamia fomu yake, kisha akasema pole pole, si kwa sauti ya refa, "Lakini kumi na nne inasema onyo lisiloitikiwa..."

"Najua inavyosema, niliandika mwenyewe. Niliandika vibaya. Aliyesema amekwisha kutimiza wajibu wake. Kosa ni la aliyenyamaza. Faulo ilikuwa ya tatu, na gemu ni la kwake."

"Refa," Odoyo akadakia, na uso wake ulikuwa umejaa hofu. "Mimi nimekwisha kusema sikumwonya. Tuendelee tu."

Mzee alimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni, na akashangaa kuona kijana ana mvi mbili tatu juu ya sikio.

"Wewe nyamaza," alimwambia. "Umesema miaka mitatu. Sasa ni zamu yangu."

Odoyo akarudi kwenye kiti chake. Paskazia alifuta kitu kwenye fomu, akaandika kingine, akatangaza saba kwa sita, bingwa wa mkoa ni Odoyo, na ghala likalipuka. Vijana wa kiwanda cha minofu walimbeba juu, wakamzungusha meza mbili, na muda wote huo alikuwa anapindisha shingo kumtafuta mzee kati ya vichwa. Walipomtua alikuja moja kwa moja. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko.

"Baba, nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini? Umenifunga." Mzee aliushika mkono na safari hii hakuuachia. Alikuwa na mengi ya kusema, ila yote yalikuwa ya mwaka tisini na nne na hayakufaa kusemwa kati ya watu wanaopiga miluzi. "Jumapili ijayo ukija Kisesa usisimame nje."

Odoyo alitazama chini. "Jumapili hiyo hatutakuwepo, baba. Jumamosi natakiwa Arusha. Tutarudi katikati ya wiki."

Mzee alikuwa amesahau. Alikuwa ametoa Arusha kwa mdomo wake dakika kumi zilizopita, na sasa ndipo ilipomfikia imekwenda wapi. Ikamuuma, hakujidanganya. Akaangalia benchi la nyuma, ambako Wilhelmina alikuwa amesimama na mtoto, hathubutu kusogea mbele wala kurudi nyuma.

"Basi nitakuja mimi kwenu," alisema. "Kesho. Sijui nyumba."

Wilhelmina alianza kumweleza. Alisema unashuka na njia ya mashine ya kusaga, unapita bomba la maji, ukiona mawe mawili makubwa unakata kushoto, halafu sauti ikamkatika, na mzee akasimama mbele yake, kichwa amekiinamisha, akingoja amalizie.